Majani Nayo ni Zao

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Katika Bonde la Kilombero usemi huo umepata sura ya pili: nyasi zinapoadimika ndipo wenye nguvu wanapoanza kupigana. Mvua zikikoma mwezi wa Mei au Juni, na jua la Agosti na Septemba likiisha kuzikausha mbuga, mfugaji hujikuta na kundi lisilo na malisho. Mkulima naye hujikuta na bustani, migomba na mahindi ya mabondeni ambayo ndiyo kijani pekee kilichosalia machoni pa ng'ombe. Hapo ugomvi hauhitaji mchochezi.

Ugomvi huo umezungumzwa sana. Umejadiliwa katika vikao vya vijiji, katika mabaraza ya madiwani na hata Bungeni, na aghalabu mazungumzo yamehusu mipaka, idadi ya mifugo, faini, na nani aondoke. Hayo yote ni mambo ya lazima. Lakini jambo moja limekuwa likitajwa kwa nadra, nalo ni majani yenyewe: ni majani gani yanayoota bondeni, yanatoa mavuno kiasi gani, yana lishe gani, na yanaweza kuhifadhiwa namna gani mpaka mvua nyingine. Maswali hayo hayajibiwi kwa hotuba wala kwa kukisia. Hujibiwa shambani, kwa majaribio yanayofanywa katika bonde lenyewe, yanayovuka kiangazi, na yanayopima faida anayoipata mnyama.

BONDE NA MPUNGA WAKE

Kilombero si bonde dogo. Liko kati ya milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge, na mto wake mkuu ndio unaotoa zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji, ambako limejengwa Bwawa la Julius Nyerere lenye mitambo ya megawati 2,115. Mwaka 2002 ardhi oevu ya bonde hilo, yenye eneo la karibu kilomita za mraba 8,000, iliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Kwa hiyo linalotendeka katika mbuga za Ifakara, Mlimba na Malinyi si habari ya wilaya hizo peke yake. Mbuga ikikanyagwa hadi ikawa tupu, udongo husombwa na maji, na maji hayo ndiyo yanayotegemewa na Taifa zima.

Wenyeji wa bonde, Wandamba, Wapogoro, Wabena na Wambunga, kwa vizazi vingi waliishi kwa mpunga na samaki. Ng'ombe walikuwa wachache, maana mbung'o na maradhi ya nagana hayakuwaruhusu kuongezeka. Makundi makubwa ya ng'ombe wa Wasukuma, Wamaasai na Wabarbaig yalianza kuingia hasa tangu miaka ya 1980, na wengine wakafuata baada ya mifugo kuondolewa katika bonde la Usangu mwaka 2006. Mwishoni mwa mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuiondoa mifugo iliyozidi Kilombero. Mwaka 2023 sehemu ya lililokuwa Pori Tengefu la Kilombero ilipandishwa hadhi kuwa Pori la Akiba, ambamo kuchunga ni marufuku. Kila hatua kati ya hizo ilikuwa na sababu zake. Lakini kila mara eneo la kuchungia lilipopungua, swali la majani lilizidi uzito, na wala halikujibiwa.

Mkoa wa Morogoro unajua gharama ya kuliacha swali hilo. Mwezi wa Desemba mwaka 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, Wilaya ya Kilosa, watu zaidi ya 30 waliuawa katika mapambano baina ya wafugaji na wakulima. Damu hiyo ni onyo linalotosha.

Kwa upande wa mpunga, Taifa lilifanya lililopasa. Kituo cha utafiti kilichofahamika kwa miaka mingi kwa jina la KATRIN, karibu na mji wa Ifakara, ambacho leo kimo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, kimeifanya kazi ya mpunga kwa miongo kadhaa. Mbegu ya SARO 5, iliyoidhinishwa mwaka 2002 baada ya kuchaguliwa na kujaribiwa na watafiti wa nchi hii, inafahamika na wakulima wengi kuliko majina ya watafiti wenyewe. Hiyo ndiyo heshima ya kweli ya utafiti.

Hakuna mkulima wa Kilombero anayeshangaa kuambiwa kwamba mpunga una mbegu bora, una nafasi ya kupandia, una palizi na una siku yake ya kuvunwa. Lakini akiambiwa kwamba majani nayo yana mambo hayo yote, hutabasamu. Hata baadhi ya watumishi ambao wajibu wao ni kuyajua hayo hutabasamu pia. Majani huhesabiwa kuwa kitu kinachojiotea, kisicho na mwenyewe wala gharama. Dhana hiyo ndiyo adui wa kwanza. Majani nayo ni zao, na zao lisilopimwa haliwezi kuendelezwa.

HESABU YA KIANGAZI

Jambo hili lina hesabu ambayo mwalimu yeyote wa shule ya msingi anaweza kuiandika ubaoni. Ng'ombe wa kienyeji mwenye uzito wa kilo 250 huhitaji kila siku chakula kikavu, yaani chakula ambacho uzito wa maji yake haukuhesabiwa, cha karibu asilimia 2.5 ya uzito wake. Hiyo ni kilo 6 na robo. Kiangazi cha miezi mitano kina siku 150. Kwa hiyo ng'ombe mmoja huhitaji karibu kilo 940, tani moja kasoro kidogo, ili avuke kutoka Juni hadi Oktoba. Mwenye ng'ombe 10 huhitaji zaidi ya tani 9. Mwenye ng'ombe 100 huhitaji karibu tani 94. Hizo ndizo tani ambazo, zisipokuwa mbugani wala ghalani, hutafutwa usiku katika shamba la mtu mwingine.

Wakati huo huo mkulima avunapo mpunga, kwa kila tani ya nafaka hubaki shambani karibu tani moja ya mabua, na mara nyingi zaidi ya hapo. Mabua mengi huchomwa moto ili kusafisha shamba. Bonde linalochoma chakula cha ng'ombe mwezi wa Julai, kisha likagombania chakula cha ng'ombe mwezi wa Septemba, haliwezi kudai kwamba tatizo lake ni ufinyu wa ardhi peke yake.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba dawa ni kukusanya mabua tu na kuyarundika zizini. Hapo ndipo elimu ya majaribio inapohitajika.

UZITO SI LISHE

Mabua ya mpunga ni chakula dhaifu. Protini yake huwa karibu asilimia 4, nayo ni magumu kumeng'enywa. Wataalam wa mifugo wanafahamu kwamba chakula chenye protini chini ya kiasi cha asilimia 7 hakiwatoshi vijidudu walio katika tumbo la ng'ombe, ambao ndio wanaomsaga nyuzi kwa niaba yake. Vijidudu wakikosa protini, kazi hupungua, chakula hukaa tumboni muda mrefu, na mnyama hula kidogo ingawa amezungukwa na lundo. Ng'ombe wa namna hiyo hukonda akiwa ameshiba.

Mchanganyiko ufaao waweza kubadili hali hiyo. Chukua sehemu tatu za mabua yenye protini asilimia 4 na sehemu moja ya majani makavu ya mikunde, mathalani fiwi au kunde, yenye protini asilimia 18. Wastani wake huwa asilimia 7.5, na mnyama amevuka mpaka wa njaa. Njia nyingine ni kuyatia mabua urea: kilo 4 za urea huyeyushwa katika maji lita 60 hadi 100, hunyunyizwa juu ya kilo 100 za mabua, kisha hufunikwa kwa turubai pasipoingia hewa kwa muda wa wiki tatu hivi. China iliieneza njia hiyo kwa wakulima wadogo wengi katika miaka ya 1980 na 1990. Lakini urea ileile ikiachwa wazi zizini, au ikipimwa kwa kukisia, huua ng'ombe. Ndiyo maana haifai kutangazwa kijijini kabla ya kujaribiwa na kufundishwa na watu wanaoifahamu.

Hali ni hiyo hiyo kwa majani mabichi. Mavuno na ubora ni ndugu wawili wasiokaa nyumba moja kwa urahisi. Majani ya mabingobingo yakiachwa yakomae, huwa marefu na mazito, na mtazamaji husifu. Lakini kadiri yanavyokomaa ndivyo shina linavyokuwa gumu na protini inavyopungua. Tuseme, kwa ajili ya hesabu tu, kwamba kitalu kimoja kimekatwa kikiwa na wiki 6 kikatoa tani 4 za majani makavu zenye protini asilimia 10, na kingine kikaachwa hadi wiki 14 kikatoa tani 7 zenye protini asilimia 5. Mizani itakisifu kitalu cha pili. Lakini cha kwanza kimetoa kilo 400 za protini, na cha pili kilo 350, tena cha kwanza kimekwisha chipua na kinakaribia kukatwa mara ya pili. Mtumishi anayepeleka makao makuu taarifa ya tani peke yake amepeleka nusu ya habari, na yamkini nusu inayopotosha.

SOMO LA KONGWA

Wapo watakaouliza: kwani nchi hii haikwisha kufanya majaribio ya malisho? Imefanya, tena kwa muda mrefu. Mpwapwa na Kongwa ni majina makubwa katika kazi hiyo, na leo vituo hivyo vimo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania, TALIRI. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984 Morogoro, nacho kimewafunza wataalam wengi wa malisho. Lakini Kongwa yenyewe ndiyo inayofundisha kwa nini elimu ya mahali pamoja haihamishwi tu kama gunia.

Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilituma ujumbe mdogo ukiongozwa na John Wakefield kuchunguza uwezekano wa kulima karanga kwa wingi katika Tanganyika. Ujumbe huo ulizunguka kwa wiki chache, sehemu kubwa ya safari ikiwa kwa ndege, na ukapendekeza kulimwa zaidi ya ekari milioni 3 katika Afrika ya Mashariki na ya Kati. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947 bila shamba la majaribio la kuthibitisha kama udongo na mvua za hapo vingekubali. Mvua zilikuwa chache, udongo ukakauka na kuwa mgumu kama saruji, na matrekta yakaharibika. Mwezi wa Januari mwaka 1951 mpango ukatangazwa kuachwa, na kiasi cha pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Baadaye Kongwa ikawa mahali pa ng'ombe na pa utafiti wa malisho. Jaribio lililopaswa kutangulia likaja mwisho, na gharama yake ikawa imekwisha kulipwa mara nyingi.

Sasa, Kongwa hupata mvua ya karibu milimita 500 kwa mwaka, ilhali Ifakara hupata zaidi ya milimita 1,200. Nyasi aina ya Cenchrus ciliaris, ambayo hustahimili ukame wa Kongwa na Mpwapwa, haipendi kusimamiwa na maji. Ukiipanda mahali ambapo Mto Kilombero hufurika mwezi wa Aprili, huenda usiikute mwezi wa Juni. Mabingobingo nayo hupenda udongo wenye rutuba na unyevu, lakini hayavumilii maji yaliyotuama kwa muda mrefu. Majani ya Brachiaria mutica hupenda penye maji, ila nguvu yake ya kutambaa yaweza kuwa balaa likiingia katika mifereji na majaruba ya mpunga. Bonde moja lina miinuko ya kichanga, matuta ya kingo za mto na mbuga za mfinyanzi. Jani linalofaa pahali pamoja laweza kufa hatua mia mbili kutoka hapo.

Hata mnyama hutofautiana na mnyama mwenziwe kwa sababu ya mahali. Majani ya mti wa lusina yana protini inayopita asilimia 20, lakini yana sumu iitwayo mimosini. Ng'ombe wa Australia waliolishwa lusina kwa wingi walidhurika, ilhali mbuzi wa Hawaii waliila bila kupata neno. Katika miaka ya 1980 mtafiti wa Australia, Raymond Jones, alionyesha kwamba mbuzi wa Hawaii walikuwa na vijidudu tumboni wanaoivunja sumu hiyo. Vijidudu hao walipohamishiwa katika ng'ombe wa Australia, nao wakaweza kula. Asiyepima mahali pake mwenyewe hawezi kujua kama yeye ni Hawaii au ni Australia.

JARIBIO LA KWELI

Kwa hiyo majaribio ya malisho Kilombero ni ya lazima, lakini si kila kitalu chenye kibao ni jaribio. Yapo mambo manne ambayo pasipo hayo kazi hugeuka kuwa maonyesho.

Kwanza, pawe na ulinganisho. Kila aina ipandwe zaidi ya mara moja katika shamba moja, na nafasi zake zipangwe kwa kura, ili asitokee mtu wa kuipa kipenzi chake kipande chenye rutuba. Kando yake kiwepo kitalu cha majani ya asili ambayo wananchi wanayatumia sasa. Pasipo kitalu hicho hakuna awezaye kusema kwamba jipya limelishinda la zamani.

Pili, jaribio livuke kiangazi, na tena livuke mafuriko. Machi kila jani huonekana zuri. Jani la Kilombero hujulikana kwa mambo mawili: limebaki nini baada ya maji ya Aprili, na lina kijani gani mwezi wa Oktoba. Miaka mitatu ni muda mfupi kwa kazi hiyo. Huko Rothamsted, Uingereza, jaribio la majani lililoanzishwa na John Lawes na Joseph Gilbert mwaka 1856 linaendelea mpaka leo. Vitalu vilivyotiwa mbolea ya naitrojeni vilitoa majani mengi zaidi, lakini aina za mimea zikapungua kadiri miaka ilivyopita. Ukubwa wa badiliko hilo usingeweza kujulikana kwa msimu mmoja. Hakuna anayedai kwamba Ifakara ingoje zaidi ya karne moja. Linalodaiwa ni kwamba jaribio la miaka mitatu lisizikwe katika mwaka wake wa kwanza kwa kuwa mwaka wa fedha umefungwa tarehe 30 Juni, siku ambayo kiangazi ndiyo kwanza kinaanza.

Tatu, kipimo cha mwisho kiwe mnyama. Majani yapelekwe maabara, protini ipimwe, lakini kisha apewe ng'ombe, mbuzi au ndama, na apimwe uzito na maziwa. Yapo majani ambayo karatasi ya maabara huyasifu na ng'ombe huyapita bila kuyagusa.

Nne, matokeo yaandikwe na yabaki pale pale kijijini. Mali bila daftari hupotea bila habari. Ni aibu mkulima aliyetoa robo ekari yake kwa majaribio kukosa hata ukurasa mmoja wa Kiswahili unaomweleza kilichoonekana katika ardhi yake mwenyewe.

Maswali ya kujaribiwa ni mengi, nayo yanatoka katika maisha ya bonde. Je, fiwi ikipandwa katika jaruba mara baada ya kuvunwa mpunga, unyevu uliobaki utaitosha? Je, mikunde hiyo itaurudishia udongo rutuba kiasi cha kuonekana katika mpunga wa mwaka unaofuata? Je, vilele vya miwa kutoka mashamba ya Kidatu na molasi ya viwanda vya sukari vyaweza kuchanganywa na mabua kwa gharama ambayo mfugaji ataimudu? Swali la pili ndilo lenye uzito kuliko yote. Likijibiwa kwa ndiyo, mkulima hatapanda malisho kwa kumhurumia mfugaji. Atayapanda kwa faida yake, na jirani atanunua. Watu wanaouziana huwa na sababu ya kuvumiliana.

WAFUGAJI NAO WANA ELIMU

Kosa moja kubwa la zamani halina budi kuepukwa, nalo ni kudhani kwamba mfugaji huja na fimbo mkononi na kichwa kitupu. Wasukuma wana desturi ya ngitili, yaani kulifunga eneo la majani wakati wa mvua ili lifunguliwe kiangazi kwa ajili ya ndama, ng'ombe wa maziwa na wanyama dhaifu. Wamaasai wanayo desturi ya namna hiyo waiitayo alalili. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofanya kazi kuanzia mwaka 1986 hadi 2004, uliijenga kazi yake juu ya ngitili badala ya kuibeza, na inakadiriwa kwamba zaidi ya hekta 300,000 zilirudishiwa uoto. Nchi iliyoelezwa kuwa inageuka jangwa ikafufuka, kwa sehemu kubwa kwa kutumia maarifa ya wenyewe.

Wengi wa wafugaji walioko Kilombero ni watoto na wajukuu wa watu hao. Jaribio linalofaa lingeiweka ngitili katika kitalu kimoja, mikunde katika kitalu cha pili, na mabua yaliyotiwa urea katika kitalu cha tatu, na wafugaji wenyewe wakawa mahakimu pamoja na wataalam. Bila shaka ngitili ya Shinyanga kavu haitakuwa ngitili ya Kilombero yenye mafuriko. Lakini mwenye kuifahamu desturi hiyo atalielewa jaribio kwa siku moja, na atalilinda dhidi ya ng'ombe wa jirani yake pasipo kulipwa mlinzi.

PINGAMIZI MOJA

Wapo watu makini wenye hofu kwamba malisho yakiongezeka, ng'ombe wataongezeka pia, na bonde litazidi kuelemewa. Hofu hiyo haina budi kuheshimiwa, kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Majani bora hayawezi kuchukua nafasi ya mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, wala ya ukomo wa mifugo, wala ya mpaka wa hifadhi. Mfugaji anayepata tani kumi za chakula akaongeza ng'ombe kumi amerudi pale alipoanza.

Lakini upande wa pili uangaliwe pia. Mtu mwenye ng'ombe 100 waliokonda huogopa kuwapunguza, kwa kuwa wingi ndio bima yake: anajua kiangazi kitaua wengine. Kumwambia apunguze kabla hajaona kwamba 40 walioshiba wanaweza kumpa maziwa na nyama kuliko 100 wenye njaa ni kumwambia avue shati wakati wa baridi. Uthibitisho huo hauwezi kutolewa na afisa kwa maneno. Hutolewa na shamba, na mizani, na ndama aliyesimama mbele ya macho ya watu. Hivyo amri ya kupunguza mifugo na kitalu cha malisho havipingani. Amri isiyo na kitalu nyuma yake huishia katika operesheni nyingine baada ya miaka kumi.

WAJIBU WA WATUMISHI NA WALIMU

Mwaka 1972, huko Iringa, TANU ilitamka kwamba Siasa ni Kilimo. Tamko lile lilisomwa na wengi kana kwamba lilihusu mahindi, mpunga na pamba tu. Kwa nchi yenye mifugo mingi kama Tanzania, kilimo kisichohesabu majani ni kilimo pungufu, na siasa inayokwepa ugomvi wa malisho ni siasa pungufu vile vile.

Mtumishi wa Halmashauri anayeandaa bajeti ana uwezo ambao pengine haujui. Akiliweka jaribio la malisho katika kifungu cha miaka mitatu mfululizo, ameliokoa. Akiliweka pamoja na semina na sherehe za Nane Nane, ameliua. Afisa ugani wa kilimo na afisa wa mifugo, ambao mara nyingi huketi katika jengo moja na kila mmoja akashika faili lake, wanaweza kuanza na shamba moja la pamoja. Mpunga ni wa mmoja na ng'ombe ni wa mwingine, lakini mabua ni ya wote wawili.

Walimu nao wana nafasi ya pekee. Elimu ya Kujitegemea, iliyotangazwa mwaka 1967, ilikusudia shamba la shule liwe darasa. Katika shule nyingi shamba hilo likageuka kuwa kazi ya adhabu, na mwanafunzi akajifunza kulichukia jembe. Vitalu sita vya majani, kila kimoja cha mita nne kwa mita tano, vingewapa wanafunzi wa Ifakara hisabati ya wastani na asilimia, sayansi ya udongo na mimea, na zoezi la kuandika taarifa kwa Kiswahili sanifu. Katika darasa hilo watakaa mtoto wa mkulima na mtoto wa mfugaji, na wote wawili watapima kitalu kimoja kwa kamba moja. Hakuna semina ya amani inayoweza kufundisha zaidi ya hapo.

Viongozi wa Chama katika matawi na kata wana kazi ya kuuliza. Wanapopokea taarifa ya utekelezaji wasiridhike kusikia kwamba hekta kadhaa za malisho zimepandwa. Waulize: zilikuwa hai mwezi wa Oktoba? Zililisha ng'ombe wangapi, kwa siku ngapi? Zililinganishwa na nini? Daftari liko wapi? Kiongozi anayeuliza maswali hayo manne kila mwaka atakuwa ameisaidia sayansi kuliko anayekata utepe mara moja.

Bonde la Kilombero lina maji, lina udongo, lina mabua ya mpunga, lina watu wenye maarifa ya ng'ombe na watu wenye maarifa ya ardhi. Maarifa hayo mpaka sasa hukutana zaidi katika mabaraza ya kesi kuliko shambani. Mvua za msimu ujao zitaotesha majani kama zilivyofanya siku zote, na Juni itafika. Vitalu vya kupima majani hayo havina budi kuwa vimekwisha pandwa kabla ya siku hiyo.